Barua Zinazorudishwa Mlangoni

Katika komine ya Lubumbashi, pale katikati ya mji, mabiro mengi yana posta yao wenyewe ya barua pepe: mashule, mahospitali, makampuni, na hata nyumba za kanisa. Wana jina lao katika intaneti, linaloishia kwa .cd, ndiyo alama ya nchi yetu tangu mwaka 1997. Wana vile vile seva, maana yake mashini inayopokea barua na kuzituma. Kazi inakwenda vema miaka miwili mitatu. Kisha siku moja barua zote zinazotumwa kwa watu wenye adresi ya Gmail zinarudi. Ama zinarudi zile za Outlook na Hotmail. Barua za kwenda kwingine zinafika salama, lakini zile za kampuni moja kubwa zinakataliwa zote, iwe ni barua ya Padri Mkubwa au ya ekonomo.

Hapo watu wanaanza kuulizana: Tumekosa nini? Nani anatuchukia? Wengine wanasema intaneti imekufa. Wengine wanashika kalamu mara moja kuandika malalamiko. Wapendwa wasomaji, katika kurasa hizi twataka kueleza sababu ya jambo hili, na kazi ya kufanya, moja baada ya nyingine.

Jambo lenyewe si dogo. Wazazi wa waseminari, makatekista, wafadhili wa Ulaya, wengi wao wana sanduku lao la barua kwa kampuni hizi mbili tatu. Mlango mmoja ukifungwa, barua ya kuwaita wazazi haifiki, risiti ya mfadhili haifiki, na cheti cha ubatizo kinachongojewa na paroki nyingine hakifiki. Tena kuna ubaya mwingine uliojificha: mara nyingine barua hairudi hata kidogo. Inawekwa kimya katika sanduku la takataka, na aliyeituma anafikiri imesomwa.

1. Njia ya barua pepe

Tuanze na njia yenyewe, maana asiyejua njia hawezi kujua mahali ilipokatika.

Mtu akiandika barua katika biro yake, barua haiendi moja kwa moja kwa mwenzake. Inakwenda kwanza kwa seva yake. Seva hiyo inatafuta katika intaneti seva ya yule anayeandikiwa, inakwenda kupiga hodi kwenye mlango namba 25, na hapo mashini mbili zinazungumza. Ile ya kwanza inasema jina lake. Inasema barua inatoka kwa nani, na inakwenda kwa nani. Kisha inatoa barua yenyewe. Kila mara ile ya pili inajibu kwa namba ya tarakimu tatu, na maneno machache ya kuieleza.

Mazungumzo hayo yaliandikwa na Jon Postel wa Marekani, mwezi wa Agosti mwaka 1982. Wakati ule watumiaji wa intaneti walikuwa wachache, walimu na wachunguzi wa vyuo vikuu, na wengi walijuana. Basi sheria hiyo haikudai ushuhuda wo wote. Mashini ikisema, "Barua hii inatoka kwa Askofu," seva ya pili ilipokea tu. Ni sawa na barua ya karatasi: katika posta kubwa ya mji wetu, pale Place de la Poste, hakuna anayeuliza kama jina lililoandikwa nyuma ya bahasha ni la kweli.

Kitu kingine cha kushangaza: tuseme biro ya katikati ya mji inamwandikia katekista wa Katuba, mwenye adresi ya Gmail. Kutoka biro mpaka Katuba ni mwendo mfupi wa teksi. Lakini barua ile sharti itoke Kongo, iingie katika mashini za Google ng'ambo, na katekista akiifungua katika simu yake, inarudi tena Lubumbashi. Ndiyo maana mlinzi wa mlango wa mbali anaweza kuwatenga watu wawili wa mji mmoja.

2. Kwa nini mlinzi amekuwa mkali

Wadanganyifu waliona mapema kwamba mlango ulikuwa wazi. Wakaanza kutuma barua za takataka kwa mamilioni: dawa za uongo, urithi wa uongo, barua za benki zisizotoka benki. Walitumia majina ya watu wengine, na hata mashini za watu wengine walizoziiba kwa siri. Mwaka 1998 chama cha Spamhaus kilianzishwa London kwa kuandika orodha za namba zinazotoa takataka. Mpaka leo seva nyingi za dunia zinauliza orodha hizo kabla ya kupokea barua.

Kampuni kubwa nazo ziliweka sheria zao. Mwezi wa Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kudai kwamba kila mwenye kutuma barua kwao awe na ushuhuda wa jina lake. Mwenye kutuma barua 5,000 na zaidi kwa siku kwa watu wa Gmail alidaiwa mambo zaidi. Tangu tarehe 5 Mei 2025 Microsoft nayo iliwadai wenye kutuma barua nyingi kwa Outlook na Hotmail ushuhuda wa namna hiyo.

Basi tufahamu vema: mlinzi hamjui Padri Mkubwa, wala hajui kama nyumba yetu ni seminari au duka. Anaangalia hasa mambo mawili, jina na namba ya IP, ndiyo namba ya mashini yetu katika intaneti. Anapima namna jina hilo na namba hiyo zilivyotenda jana na juzi. Kwa hiyo kumwandikia, "Sisi ni watu wema," hakumsaidii kitu. Sharti tumpe vitu anavyoweza kuvipima.

3. Kazi ya kwanza: kusoma sababu

Watu wengi wakiona barua imerudi wanaifuta bila kuisoma. Haifai. Ndani ya barua iliyorudi mna sababu, na kama haimo, imo katika daftari la seva, maana seva huandika kila neno ililojibiwa.

Tujue kwanza kama ni njia iliyofungwa ama ni mlango. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, serikali ilifunga intaneti katika Kongo, ikaifungua tena katika Januari 2019, baada ya siku karibu ishirini. Wakati ule hakuna seva iliyoweza kupiga hodi po pote. Hiyo ilikuwa njia kufungwa. Kwa kujua tofauti, tutume barua fupi kwa adresi za kampuni mbalimbali. Zote zikishindwa, tuangalie njia yetu na umeme wetu. Zikishindwa za kampuni moja tu, na jibu likatoka kwake, ni mlango.

Kisha tuangalie tarakimu ya kwanza ya jibu. Ikiwa ni 2, barua imepokelewa. Ikiwa ni 4, mlinzi anasema: "Si sasa, rudi baadaye." Seva nzuri hungoja na kujaribu tena yenyewe, na mara nyingi barua inapita bila mtu kufanya kitu. Ikiwa ni 5, mlinzi anasema: "Hapana." Kumrudishia barua ile ile mara mia hakufai, kunamfanya atuone wabaya zaidi.

Baada ya hapo kuna namba ndogo zinazoonyesha ugonjwa wenyewe. Gmail ikijibu 550 pamoja na 5.7.25, inasema namba yetu ya IP haina jina. Ikijibu 5.7.26, inasema barua haina ushuhuda wa mwenye kuituma. Ikijibu 421 pamoja na 4.7.28, inasema takataka nyingi zinatoka kwetu, inatupunguzia mwendo. Microsoft ikijibu 550 na kutaja S3140, inasema namba yetu, ama namba za jirani zetu, zimo katika orodha yake ya waliofungiwa. Ikitaja 5.7.515, ushuhuda wa jina letu haukutosha.

Mganga hatoi dawa ya tumbo kwa mwenye kuumwa jino. Hapa vile vile, namba hizi zatuambia tuanze wapi.

4. Namba ya IP na jirani zake

Hapa ndipo mabiro mengi ya Lubumbashi yanapoangukia, na mara nyingi kosa si la biro yenyewe.

Namba za IP za aina ya zamani, zinazotumiwa bado na seva nyingi za barua, ni chache. Kwa Afrika zinagawanywa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Mwezi wa Januari 2020 AFRINIC iliingia katika sehemu ya mwisho ya akiba yake, na tangu hapo ombi moja halikuweza kupewa zaidi ya namba 1,024. Kwa hiyo kampuni za intaneti huwaweka wateja wengi, hasa wale wa simu, nyuma ya namba moja. Wateja wengine hupewa namba inayobadilika kila mara.

Matokeo yake ni nini? Mtu asiyejulikana, wa Kampemba ama wa Ruashi, simu yake au mashini yake ikishikwa na virusi, inatoa takataka usiku kucha. Namba inayoonekana ng'ambo ni ile ile ya seva yetu. Wazee wetu walisema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tena Spamhaus ina orodha iitwayo PBL, yenye namba zote za nyumbani na zile zinazobadilika. Kuandikwa humo si adhabu. Maana yake ni kwamba namba za aina hiyo hazifai kutuma barua zenyewe bila kupita kwa seva ya kampuni.

Basi sharti ya kwanza ni hii: seva ya barua iwe na namba yake peke yake, isiyobadilika. Tuiombe kwa kampuni inayotuuzia intaneti, kwa maandishi, na tujue bei yake kabla ya kutia sahihi.

Sharti ya pili ni jina la namba hiyo. Katika intaneti kuna vitabu viwili vya majina. Kimoja kinatoa namba kwa anayejua jina. Kingine kinatoa jina kwa anayejua namba, na andiko lake linaitwa PTR. Mlinzi husoma vyote viwili. Seva yetu ikisema, "Mimi ni posta ya seminari fulani," yeye huangalia kama namba ile inaleta jina lile, na kama jina lile linarudisha namba ile ile. Yasipopatana, barua inarudi. Kitabu cha kwanza tunakiandika sisi wenyewe, pale tuliponunua jina letu. Kitabu cha pili kimo mikononi mwa kampuni yenye namba, na sisi hatuwezi kukiandika. Watu wengi wanapoteza juma zima wakitafuta PTR mahali isipokuwapo. Yafaa kuiandikia kampuni ya intaneti maneno haya tu: namba yetu ni hii, tafadhali ipeni jina hili.

5. Vitambulisho vitatu

Baada ya namba, jina. Ushuhuda wa jina una sehemu tatu, na zote zinaandikwa katika kitabu cha jina letu.

Sehemu ya kwanza ni SPF. Ni mstari mmoja unaosema: barua za jina letu zinaweza kutoka katika namba hizi, si kwingine. Ni kama karani anayebandika mlangoni majina ya wajumbe wanaoruhusiwa kubeba barua za nyumba. Makosa ya kila siku ni mawili. Watu huandika mistari miwili ya SPF badala ya mmoja, na hapo yote miwili inakuwa bure. Ama wanataja wajumbe wengi mno: sheria haimruhusu mlinzi kuuliza zaidi ya mara 10 kwa ajili ya mstari huo, na ikizidi anauhesabu kuwa na kosa.

Sehemu ya pili ni DKIM. Hiyo ni muhuri. Seva yetu ina ufunguo wa siri, na kwa huo inatia alama katika kila barua. Ufunguo wa pili, wa wazi, umeandikwa katika kitabu cha jina letu, na kila mtu anaweza kuutumia kwa kupima muhuri. Barua ikibadilishwa njiani, hata neno moja, muhuri unavunjika. Ufunguo uwe na urefu wa biti 2,048. Ule wa 1,024 ni wa zamani, ijapo Gmail inaupokea bado.

Sehemu ya tatu ni DMARC. Hiyo inaunganisha zile mbili. Inamwambia mlinzi: jina ambalo msomaji analiona juu ya barua sharti lipatane na jina lililoshuhudiwa kwa SPF ama kwa DKIM, kama halipatani, fanya hivi. Kuna amri tatu: uiache ipite, uiweke katika takataka, ama uikatae. Twashauri kuanza na ile ya kwanza. Mlinzi atatuletea ripoti kila siku, na humo tutaona ni mashini gani zinazotuma barua kwa jina letu. Mara nyingi mtu anagundua humo mashini aliyoisahau, kama ile ya shule inayotuma matokeo ya mitihani. Tukiisha kuzijua zote, ndipo tukaze amri.

Kitu kimoja kisisahauliwe: vitambulisho hivi vinasema sisi ni nani, havisemi kwamba sisi ni wema. Mdanganyifu naye anaweza kuwa na kitambulisho halali. Kwa hiyo kazi haijaisha.

6. Kusafisha nyumba

Ikiwa namba ni yetu peke yetu, na vitambulisho viko, na mlango umefungwa bado, sharti tuulize swali gumu: je, takataka zinatoka kwetu kweli? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na wenye nyumba hawana habari.

Ugonjwa wa kwanza ni neno la siri lililoibiwa. Mtu anapokea barua inayosema, "Sanduku lako limejaa, bonyeza hapa." Anabonyeza, anaandika neno lake la siri, anaona ukurasa mweupe, anasahau. Usiku huo mwizi anaingia kwa jina lake na kutuma barua maelfu. Dawa: tufungue daftari la seva, tuhesabu barua za kila mtu. Sekretari anayetuma barua 20 kwa siku, akionekana ametuma 6,000 kati ya saa saba na saa kumi za usiku, tumempata. Kwanza tusimamishe barua zinazongoja kutoka. Kisha tubadilishe neno la siri, na tuangalie kama mwizi hakuacha amri ya kumpelekea barua kwa siri. Mwishoni tuwafundishe watu wa biro, bila kumwaibisha ye yote, maana anayeona haya atanyamaza siku nyingine.

Ugonjwa wa pili ni ukurasa wa intaneti wa nyumba, wenye mahali pa "Tuandikie," usiotazamwa miaka mingi. Wezi hupitisha barua zao humo. Kama hautumiki, ufungwe.

Ugonjwa wa tatu ni barua zinazopitishwa. Paroki ina adresi yake katika seva yetu, lakini padri anapenda kusoma katika Gmail yake mwenyewe. Basi seva inaamriwa kupeleka kila kitu kule. Takataka zote zinazoifikia adresi ya paroki, seva yetu inazibeba mpaka mlango wa Google. Mlinzi anaona sisi ndio tunaozileta. Tena SPF inavunjika, maana barua ya mtu mwingine sasa inatoka katika namba yetu. Yafaa padri asome barua za paroki katika seva yenyewe. Kama haiwezekani, takataka zichujwe kabla ya kupitishwa.

Ugonjwa wa nne ni matangazo. Mtu ana orodha ya adresi 800, zilizokusanywa miaka kumi, anatuma habari za sikukuu kwa wote kwa mara moja. Adresi nyingine zimekufa. Watu wengine hawakumbuki walitoa adresi yao lini, wanabonyeza "hii ni takataka." Google inahesabu mibonyezo hiyo. Inataka isifike 1 katika barua 1,000, na ikifika 3 katika 1,000 jina letu linaharibika. Basi katika matangazo kwa watu 1,000, watatu tu waliokasirika wanatosha kutuletea shida. Adresi zilizokufa zifutwe. Anayetaka kutoka atolewe siku ile ile. Na tusimwandikie mtu ambaye hakuomba.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mabiro mengi yanaruka kazi hii kwa sababu ni ndefu, kisha yanafungiwa tena baada ya mwezi.

7. Kuomba kufunguliwa

Sasa, ndiyo sasa tu, tuombe. Mwenye kuomba kabla ya kutengeneza anaharibu ombi lake: akifunguliwa leo, kesho anafungwa, na ombi la pili linasikilizwa kwa shida.

Tuangalie kwanza kama namba yetu imo katika orodha za Spamhaus. Katika ukurasa wao mtu anaandika namba yake, wanamwambia iko orodha gani, na sababu yake. Kwa PBL, mwenye seva ya kweli na namba isiyobadilika anaweza kuomba kutolewa. Kutolewa hakuna malipo. Anayedai franka kwa kazi hiyo ni mwizi.

Kwa Gmail, tuandikishe jina letu katika chombo chao kiitwacho Postmaster Tools. Kinaonyesha hali ya vitambulisho vyetu na hesabu ya waliobonyeza "takataka," lakini kwa mwenye kutuma barua chache kinaweza kubaki kitupu. Kwa Outlook na Hotmail, Microsoft ina chombo cha SNDS kinachoonyesha hali ya namba, na karatasi ya ombi ya kujaza. Tujaze namba ya IP, maneno kamili ya jibu tulilopewa, mambo tuliyokuta, na mambo tuliyotengeneza pamoja na tarehe zake. Mistari kumi yatosha. Jibu la kwanza mara nyingi linatoka kwa mashini, na mara nyingi ni "hatukuona sababu ya kukufungulia." Tusikate tamaa wala kutukana. Tujibu barua ile ile kwa heshima, tukiomba mtu aangalie kwa macho yake.

Wengine wanasema: "Kwa nini kusumbuka? Tubadilishe namba tu." Namba mpya haina historia, na mlinzi humwogopa mgeni wa jana. Na kama ufa haujazibwa, namba mpya itachafuka kama ile ya kwanza.

Mlango ukifunguka, twende polepole. Siku za kwanza tutume barua za kazi tu, kwa watu wanaotujibu. Matangazo ya watu 800 yangoje, kisha yagawanywe kwa siku nyingi. Haraka haraka haina baraka.

8. Je, yafaa kuwa na seva yetu wenyewe?

Swali hili linaulizwa kila mara mlango unapofungwa, na ni swali la haki.

Anayeweka barua zake zote kwa kampuni kubwa anapumzika na kazi hizi. Lakini barua za nyumba yake, na pengine siri za watu, zinakaa kwa mwingine, chini ya sheria ya nchi nyingine, na sanduku lake linaweza kufungwa kwa uamuzi asioweza kuujadili. Anayeweka seva yake ana uhuru, na ana mzigo. Sharti awepo mtu anayejua kazi, na mwingine wa kumsaidia anaposafiri.

Juu ya umeme, watu wanaogopa kupita kiasi. SNEL ikikata usiku mmoja, barua za kuingia hazipotei: sheria ya intaneti inazishauri seva za wengine kuendelea kujaribu siku nne au tano. Lakini juma zima bila umeme ni hasara ya kweli.

Kuna njia ya katikati, nayo inafaa nyumba nyingi za mji wetu. Seva ibaki hapa, ipokee na kuhifadhi barua. Lakini zile za kutoka zipitishwe kwa seva ya kampuni yenye jina jema, inayolipwa kwa kazi hiyo. Hapo ubaya wa namba za jirani hautuhusu tena. Vitambulisho vyetu vinabaki vyetu. Tunamwongeza mjumbe mpya katika SPF, na muhuri wetu unaendelea. Tunalipa kidogo kila mwezi, na kampuni ile inaweza kuona barua zinazopita. Kila nyumba ipime.

9. Daftari la biro

Neno la mwisho ni kwa maekonomo na makarani. Mafundi wanabadilika, na mara nyingi fundi anaondoka na maneno ya siri kichwani mwake. Siku mlango unapofungwa, hakuna anayejua jina lilinunuliwa wapi, wala nani wa kuombwa PTR. Kwa hiyo kuwe na daftari la karatasi, lililofungiwa katika kabati ya biro, na ndani yake: mahali jina liliponunuliwa na tarehe ya kulilipia tena; namba ya IP na mtu wa kumpigia simu katika kampuni ya intaneti; mstari wa SPF, tarehe ya ufunguo wa DKIM na amri ya DMARC; mashini zote zinazotuma barua kwa jina letu; na kila siku ambayo mlango ulifungwa, pamoja na namba ya jibu na dawa iliyotumika.

Mara moja kila mwezi, mtu mmoja atume barua ya kujaribu kwa Gmail, kwa Outlook na kwa Yahoo, aangalie kama imeingia katika sanduku la barua ama katika takataka, na aandike humo. Ni kazi ya robo saa. Inamwonyesha ufa ungali mdogo, kabla wazazi hawajaanza kuuliza kwa nini seminari imenyamaza.